Viatu vya Kutelezea Theluji

Al Thumama, Ijumaa, Desemba 2014

Hadi sasa miguu inaniwaka moto. Viatu gani hivi, vigumu kama ndoo, halafu mtu aambiwe ashukuru!

Madam anataka mimi, yaya wao, nifuatane na familia yake Uswisi, kwa sababu binti yake Nura, wa miaka sita, hakubali kuteleza kwenye theluji bila mimi. Basi leo tumekwenda dukani mtaa wa Al Sadd. Jozi ya kwanza ilinibana vidole hadi machozi yakanilenga.

"Vitalegea," Madam akasema, macho kwenye simu.

Ya pili, kisigino kikawa kinacheza ndani. Ya tatu haikufunga kabisa.

"Miguu yako mipana mno, Mwanaisha."

Kana kwamba niliiagiza mimi!

Uvumilivu ukaniishia. "Madam, Nura akianguka, kwa viatu hivi siwezi kumkimbilia. Tupate vinavyonikaa, au mimi nibaki."

Papo hapo nikaingiwa na hofu. Wako wenzangu waliorudishwa kwao kwa maneno madogo kuliko hayo.

Madam aliweka simu mkobani. Kisha akachuchumaa, abaya imetanda sakafuni, akanifungua vile vifungo kwa mikono yake, akamwambia muuzaji alete vya kiume, vipana. Vikanikaa. Nilipotembea kama bata, Nura alicheka mpaka akakaa chini, na Madam naye akacheka.

Afadhali. Lakini theluji yenyewe sijapata kuiona maishani, naiogopa, na siku nzima ya leo hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda.