Shimo letu la mchanga kwenye uwanja wa gofu

Shoga, mimi bingwa wa vitendawili leo nimetegwa nikajibu uongo!

Unalikumbuka shimo tulilochimba uwanja wa gofu, tukiiba mchanga wa kupiga lipu nyumba yangu?

Uwanja wanaukarabati urudi kama zamani, wakaniita nieleze mambo ya kale. Shimo letu wamelijengea kingo, wakidhani ni lile la mchanga la kutegea mipira ya wachezaji! Mhandisi ananiuliza, "Bibi, hili la kihistoria alichimba nani?"

Nikasema marehemu mume wangu. Mume wangu! Mkata nyasi wao miaka thelathini, hakuleta nyumbani hata kijiti cha pale.

Sasa wanachonga jina lake kwenye jiwe. Picha yake ukutani nashindwa kuitazama.

Kesho naenda kusema ukweli. Wewe sikutaji. Ila wakiuliza chepe lilikuwa la nani, utanisamehe.