Kielelezo Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemchora Mheshimiwa Jaji vizuri kuliko siku zote! Macho yamefumba, mashavu yamemwagikia kwenye kola, wigi limeteremka hadi puani. Mbele yake mawakili wawili wanakata kiwanja kama mkate, midomo imejaa. Pembeni dada na kaka, wenye kiwanja chao, wamekinga mikono. Wanapewa makombo.

Miaka kumi na tisa ya ukarani nakaa mbele ya meza yake. Akishakula mchana, husinzia. Mawakili wanaona, wanakohoa kidogo, wanaendelea. Mimi nakohoa kwa penseli. Kwenye kona nimeandika tarehe na namba ya kesi, kama kawaida yangu. Kazi ni kazi hata kama ni ya kificho.

Jioni, dakika za mwisho, yule mama wa kiwanja ametoa mchoro wa mipaka uliosainiwa na marehemu baba yao. Karatasi moja tu, kopi hana. Kaka yake amegeukia ukutani. Hawasalimiani hao. Nimegonga mhuri, nimeingiza kwenye rejista: kielelezo namba saba, mchoro, ukurasa mmoja. Faili limekwenda ofisini kwa jaji. Mimi na mhuri wangu hatukosei.

Baba watoto yuko zamu. Picha nitamwonyesha akirudi asubuhi.

Jumanne, 5 Machi

Mungu wangu.

Nimechomoa karatasi kwenye mkoba, nikamwambia baba watoto, haya cheka. Ameitazama, akauliza kichekesho kiko wapi. Mistari ya mipaka. Saini ya marehemu!

Jana niliangalia namba ya kesi kwenye kona, nikagonga mhuri. Sura sikuitazama. Mheshimiwa aliyelala ndiye kielelezo namba saba.

Baba watoto anasema jambo dogo hili, si naingia kwa jaji kila siku na mafaili? Nibadilishe, nitoke. Nani atajua.

Jumatano, 6 Machi

Nimeingia. Hakuna mtu. Faili lipo juu kabisa. Mchoro wa mama nimeubana ndani ya daftari. Nimefungua ukurasa — mhuri wangu umetua katikati ya wigi, umenyooka, wino haukutapakaa hata kidogo. Nusura nijipongeze.

Halafu nikamkumbuka Twiga.

Mwenzetu wa masjala, mrefu kama mlingoti. Miaka miwili iliyopita alichomoa karatasi kwenye faili, akaweka nyingine. Alisema alikosea tu, alikuwa anarekebisha. Shahidi nilikuwa mimi. Nilisimama nikasema kwa sauti: kilichogongwa mhuri hakitoki bila amri ya jaji! Akafukuzwa kazi. Sasa anauza kalamu na bahasha nje ya lango letu, na kila asubuhi ananisalimia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwosha huoshwa.

Nimefunga faili. Mchoro nimerudi nao.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwandikia Mheshimiwa barua. Nusu ukurasa, bila kujikunyatakunyata: nimekosea, picha ni yangu, mchoro halisi ninao, naomba amri. Nimemkabidhi tarishi wake.

Bahasha ya kutilia mchoro wa mama nimeinunua kwa Twiga. Ameuliza kuna nini, mbona naishika kama yai. Nimemweleza. Amecheka mpaka ameegemea lango. Kisha akajifuta macho. Akauliza, safari hii nani atatoa ushahidi?

Nimesema ni mimi.

Sikumwomba radhi kwa ushahidi wangu. Alikosea, na mimi nimekosea. Nilichomwombea radhi ni kwamba sikuwahi kumuuliza kwanza. Amesema haya, shemeji, nenda ukazike msiba wako. Kicheko kimemrudia.

Siogopi kufukuzwa. Naogopa mama wa watu asije akapoteza kiwanja kwa sababu ya penseli yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Naandikia kwenye benchi la ukumbini. Kalamu inakimbia.

Mheshimiwa hakuisoma barua! Tarishi aliisukumia chini ya rundo. Kwa hiyo amefungua faili mbele ya watu wote, saa nne, yu macho kabisa. Amefika namba saba. Amevua miwani, ameifuta, ameivaa tena.

Hakuniangalia. Amempelekea mama ile karatasi, akauliza kama ndicho kielelezo chake.

Mama ameitazama weee! Akasema, "Mheshimiwa, hiki siyo changu. Lakini kiwanja ndicho chenyewe."

Kaka yake amesogea kuchungulia. Bega kwa bega na dada yake, mara ya kwanza tangu kesi ianze. Amepiga kicheko, akasema yule mwenye kisu kikubwa ni wakili wake. Mama naye amecheka. Mawakili hawakucheka.

Nimesimama. Nimesema, "Mheshimiwa, mkono ni wangu," nikatoa bahasha. Ameifungua, ameulinganisha mchoro na rejista, amegonga meza mwenyewe: mchoro wa mama upokelewe. Nimeshusha pumzi. Halafu akaahirisha kwa dakika kumi, akatoka na picha mkononi.

Dakika kumi zimekuwa arobaini. Kaka na dada wamekaa benchi la pili, wanabishana ni wakili yupi mwenye mdomo mpana zaidi. Karani mwenzangu wa kesi za jinai amepita akaninong'oneza nikusanye vitu vyangu.

Sasa tarishi ametoka. Amesema Mheshimiwa hajauliza habari ya pua wala wigi. Ameuliza jambo moja tu: zipo nyingine?

Zipo. Sanduku zima, chini ya kitanda. Amelala kwenye kila moja, na kila moja ina tarehe na namba ya kesi.

Tarishi ameshika mlango, anangoja nijibu.