Aproni za Deki ya Tisa

Melini, 4 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu uzigawe: nusu yako, nusu ya mama yako, na akilalamika kuwa yake ni ndogo mwambie ndiye aliyenizoesha kugawana mkate. Hamjambo? Goti la dada yangu linaendeleaje? Mimi afya tele, sijaumwa hata jino. Nadhani magonjwa yanaogopa maji marefu.

Sasa kaa kitako nikwambie. Mjomba wako nilizaliwa bahati imenishika mkono, na mpaka leo haijaniachia. Kuna watu wamesoma mpaka macho yameingia ndani, vyeti vimejaa ukutani, na bado wanazunguka na bahasha. Mimi darasa la sita nililitoka kupitia dirishani, na leo ndimi mkuu wa klabu ya watoto katika meli ya deki kumi na nne! Ndiyo, mkuu. Abiria akipanda na familia yake, kabla hajauliza chumba anauliza, "Klabu ya watoto iko wapi?" Maana anataka alale juani amefunga macho, na wanawe wawe mahali ambapo hawamwiti kila dakika. Mahali penyewe ni kwangu, deki ya tisa. Ninao wa miaka mitatu mpaka kumi na miwili, wa kila lugha, na wote wananiita Kapteni Mdogo. Kapteni mwenyewe ananionea wivu. Yeye anaendesha chuma, mimi naendesha roho za watu.

Tunaye na pweza. Si wa kula, ni wa kitambaa. Mtu anaingia ndani yake anacheza na watoto. Ukitaka kujua mikono minane ni mingi kiasi gani, jaribu kuipiga pasi.

Haya, niandikie. Na wewe na wale watoto wako wa chekechea vipi?

Mjomba wako,
Kapteni Mdogo


Nyumbani, 21 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika, mama ameisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili akiwa mlangoni ili majirani wasipate taabu ya kusogea. Goti lake limekuwa mtabiri wa mvua na halijakosea. Mimi mzima, ila kwa jina tu. Chekechea nimeacha.

Usigombe kwanza, sikiliza. Mwenye shule alinunua televisheni kubwa kama mlango. Akatuambia walimu, watoto wote thelathini na mmoja wakae mbele yake tangu asubuhi, wakitoka ni mpaka mzazi aje. Hakuna udongo, hakuna rangi, eti wanachafua kuta. Nilivumilia miezi minne. Siku moja mtoto wa miaka mitatu aliona nimesimama akaniambia, "Mwalimu, kaa, utaziba." Nikajua hapa mimi si mwalimu, ni mlinzi wa magunia.

Nikaenda kwa wakala wa kazi za melini, wakanipima, wakanihoji, na nimepata! Tena sehemu mbili: klabu ya watoto ya meli yako, na klabu ya ile ya zamani, ya bomba jekundu la moshi, uliyofanyia kazi miaka miwili kabla ya hii. Mkataba ni miezi tisa na ukishapanda huhami. Jibu linatakiwa tarehe 30 Machi.

Nimelinganisha vipeperushi vyao mpaka karatasi zimelegea. Zote mbili zimeandika "vicheko visivyokwisha". Zote zina bembea, zote zina watoto wenye meno kamili. Kuna kijana mmoja yumo kwenye vyote viwili, Mjomba, na shati lilelile!

Sasa wewe umekaa kote kuwili. Niambie ukweli: wapi watoto wanacheza, na wapi wanawekwa tu? Sitaki kwenda kukaa miezi tisa katikati ya maji nikilinda magunia mengine. Ingawa moyo wangu umeshaegemea kwako. Bosi wangu awe mjomba wangu! Mama ameshatangaza mpaka kwa kinyozi.

Mpwa wako,
Chiriku


Melini, 9 Machi

Chiriku, mwanangu,

Salamu zifike zikiwa nzima. Sisi huku wazima, bahari imelala kama paka aliyeshiba. Hongera sana! Nimeruka mpaka nikagonga kichwa kwenye bomba la mvuke, na uvimbe ninao, ukitaka ushahidi.

Nimepima jambo lako kwa mizani ya mtu aliyetembea dunia. Sikia: chukua ile nyekundu.

Hapa kwangu ni vurugu, sikufichi kitu. Kila siku aproni sitini zinashuka, na zote zina rangi mpaka kwenye kamba. Mifukoni usiseme: makombe ya baharini, vifungo, jino la mtoto limekunjwa kwenye karatasi kama sindano ya daktari. Taulo zimejaa mchanga, na meli iko katikati ya bahari. Mchanga wameutoa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Yule pweza kila wiki ananyofolewa mkono kwa kukumbatiwa. Juzi imetoka miwili kwa mpigo. Utachakaa, mama, utarudi nyumbani mama yako asikutambue.

Ile nyekundu ni ustaarabu mtupu. Aproni zinarudi na mkunjo uleule zilizoondoka nao. Mifuko mitupu kama akili yangu siku ya mtihani. Wao wana pomboo wa kitambaa, na kwa miaka miwili sikumwona na doa hata moja, mpaka leo lazima ananukia upya wa dukani. Wanachotumia sana kule ni mablanketi, nayo hayana shida, ni bisi tu, unakung'uta zinadondoka. Watoto wametulia, wamejifunika, wamelala chali. Utakaa kama malkia.

Tena undugu na ubosi havikai chungu kimoja. Nikikufokea mbele ya watoto, dada atanila nyama. Nenda nyekundu, nami nitakupungia bandarini.

Mjomba wako anayekutakia mema,
Kapteni Mdogo


Nyumbani, 17 Machi

Shikamoo Mjomba,

Uvimbe umepungua? Mama anasema uweke kijiko cha baridi. Sisi hatujambo, mvua imenyesha siku ileile liliyosema goti.

Nimesoma ushauri wako. Sikufichi, umenishangaza. Mimi nilidhani aproni chafu ndiyo habari njema. Lakini mimi nimeona vipeperushi, wewe umeona klabu, basi nimefunga mdomo. Nitasaini nyekundu tarehe 30 asubuhi.

Nisaidie tu mambo manne, maana wakala anataka kuniuliza, na kwa mkuu wa klabu haya ni maji ya kunywa. Mlezi mmoja anashika watoto wangapi? Mtoto akimlilia mama yake siku ya kwanza mnafanyaje? Mtu akija kumchukua mtoto mnajuaje kuwa ni wake? Na yule anayedhurika na karanga, mnamtambuaje kati ya wengine?

Mama aliniuliza, "Una uhakika? Kaka yangu huyo namjua, chumvi huwa anaitia kwa koleo." Nikamjibu, chumvi sawa, lakini mimi hajawahi kunipoteza. Unakumbuka nilipokuwa na miaka sita, ukanishika mgongo majini, ukasema, "Acha kupigana na maji, yatakubeba"? Nikaacha. Yakanibeba. Tangu siku hiyo juu ya neno lako nasimama kwa miguu yote miwili.

Mpwa wako,
Chiriku


Ujumbe wa simu, 26 Machi

Chiriku usisaini. Hii simu ya mwenzangu. Barua inakuja. Mjomba


Ujumbe wa simu, 27 Machi

Shikamoo Mjomba. Kuna nini? Mama anadhani meli imezama, nimemwambia iliyozama haitumi ujumbe, hataki kusikia. Wewe mzima? Wakala amenipigia leo, kalamu ninayo mkononi. Zimebaki siku tatu. Tafadhali niambie kitu. Chiriku


Melini, 28 Machi

Mwanangu Chiriku,

Meli haijazama, mwambie dada afute machozi. Afya yangu ndiyo mbovu: nina tumbo la aibu, na zahanati ya meli haina dawa yake. Naandika kwa kalamu, mwenzangu atapiga picha karatasi hii akutumie kwa simu, maana posta haitawahi.

Maswali yako manne yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Niliyalala, nikayaamkia. Halafu hayo maneno ya kukubeba majini. Heri ungenitukana.

Basi Alhamisi nikachukua kapu la aproni mwenyewe. Kawaida mtu wa juu ndiye anayeshuka kulifuata. Nikapanda lifti ya mizigo mpaka deki ya tisa, nikasimama mlangoni kama kuku mgeni. Mwanangu! Sakafuni wametandika karatasi ndefu kama njia ya kwenda sokoni, watoto wamelala juu yake wanachora, wengine wanajichora wenyewe. Kuna beseni la mchanga, kubwa kama kitanda. Ndipo nikajua ule mchanga unatoka wapi. Mkuu wa klabu ni mama mmoja mfupi, sauti yake kama filimbi ya refa.

"Wewe nani?" akaniuliza.

"Nimeleta aproni, mama."

"Ziweke hapo. Mbona bado umesimama?"

Nikamwambia nina mpwa wangu ana maswali manne. Akaangalia kapu, akaniangalia mimi, akacheka, akavuta kiti cha watoto nikakikalia, magoti yakanifika masikioni. Majibu haya hapa, neno kwa neno.

Wadogo, mlezi mmoja watoto watano. Wakubwa, mlezi mmoja watoto kumi. Anayelia hatulizwi kwa kelele: mlezi anakaa naye sakafuni, anampa kazi ya kumlisha pweza, na zikipita dakika ishirini bado analia, mzazi anaitwa, hata kama yuko kwenye kiti cha kinyozi. Anayemchukua mtoto lazima ataje neno la siri alilochagua siku ya kwanza. Kuna baba alilisahau, akakaa nje nusu saa akitaja majina ya matunda yote! Wa karanga anavaa bangili nyekundu, na chakula chake kina trei yake.

La tano nimeuliza mwenyewe: "Televisheni je?" Akaninyooshea kidole kwenye kona. Imefunikwa kitambaa cha maua. "Hiyo ni ya siku ya mawimbi makubwa," akasema. Kitambaa hicho nakijua. Hushuka kwangu mara moja kwa mwezi, na hakina kosa lolote isipokuwa vumbi.

Wakati natoka nikakumbuka. Vile vitu vya mifukoni huwa naviweka kwenye mkebe, na nilikuwa nimebeba kimoja, filimbi ya mti niliyoikuta jana yake. Nikaiinua tu, nikauliza ya nani. Mtoto mmoja, sijui wa kike sijui wa kiume, rangi ilikuwa nyingi, akapiga yowe, "Yangu!" Akaja mbio akanikumbatia mguu. Suruali yangu nyeupe ina mikono miwili ya kijani. Sijaifua, Chiriku. Mimi, nisifue!

Sasa sikiliza. Saini meli hii, nyeupe. Ile nyekundu ndiyo televisheni kama mlango, na bisi, na mablanketi. Nilijua tangu siku nilipofungua barua yako. Miaka miwili nilizifungua aproni zile zikiwa safi nikazirudisha zikiwa safi, na kila mara nilikuwa nawahurumia wenye nazo. Nilikutuma kule kwa sababu moja tu: usije huku ukanikuta. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mtu wa kuijua hiyo kabla ya wengine wote nilikuwa mimi.

Ukifika usimuulizie Kapteni Mdogo, watakuona umechanganyikiwa. Shuka. Ngazi zikiisha, shuka tena, mpaka joto likupige kofi na ngurumo ya mashine ikuzibe masikio. Utaniona wa tatu kushoto, kwenye pasi kubwa, na sindano ya kumshonea pweza imechomekwa kolani. Ukiona aibu kunisalimu mbele ya wenzako wa juu, pita tu, sitanuna. Nitakujua kwa aproni yako. Ole wako ishuke safi.

Msomee mama yako barua hii yote, usiruke mstari. Mlangoni, kama kawaida.

Ile bahati niliyokuandikia Februari haikuwepo. Sijawahi kuwa mkuu wa klabu hata siku moja. Mimi ni dobi.

Mjomba wako