Vibao Ninavyoandika

4 Machi, mwaka wa tatu tangu niondoke

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua. Nyumbani mnaendeleaje? Baba bado anabishana na redio?

Nimepata kazi kwa fundi wa vibao vya makaburi. Usiogope, wateja wetu hawagombi. Wiki hii halmashauri imetuletea kazi nyingi: watu waliokosa hewa ndani ya lori wakivuka mpaka. Hawakuwa na karatasi, kwa hiyo vibao vyote tunaandika "Mhamiaji haramu". Nilimwomba fundi tuandike hata "mwanamume". Akasema, "Wewe piga rangi, maneno yanatoka ofisini." Mpaka ule ule nilipita mimi, mama. Nikapiga rangi.

Msalimie mdogo wangu Kijiti. Mwambie asome.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole na mgongo. Sisi wazima, wa mwili tu.

Kijiti hayupo. Aliondoka Februari, akaniapisha nisikwambie, eti akushtukize mlangoni. Mpaka leo hajapiga simu.

Habari za lile lori nilizisikia nikimenya viazi. Redio ikasema wahamiaji haramu wamekufa. Baba yako akasema, "Wezi hao, wamezidi." Nami nikaendelea kumenya. Wangesema watoto wa watu, mwanangu, ningeweka kisu chini.

Kijiti aliondoka amevaa sweta lako la kijani, lile linalomzidi mikono. Nenda ukamtazame kati ya hao wa lori. Baba yako ameizima redio.

Mama yako


19 Mei

Mama,

Shikamoo. Afya si mbaya. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa naianza barua hii naichana.

Nimekwenda. Nguo zote za wale marehemu zilishachomwa. Ofisini kwa halmashauri nikaeleza: kijana mwembamba, sweta la kijani, ni mdogo wangu. Karani akasema, "Hapa hatuna wadogo wa watu, tuna wahamiaji haramu." Kisha akataka kuona kibali changu. Nikaaga haraka.

Nikaenda makaburini. Nimepita kibao hadi kibao, vyote sawa, vyote mwandiko wangu. Kama yumo, mimi ndiye niliyemwandika. Nilisimama pale kama mjinga, sijui nimwombee yupi, nikawaombea wote.

Labda amefungwa mahali. Labda bado yuko njiani. Mwambie baba hivyo.

Natarajia kurudi Desemba. Ukiulizwa tunakuja wangapi, sema hujui.

Mwanao