Jina Lisilosomwa

Jumanne, 29 Oktoba
Nimenakili tena majina ya marehemu wetu. Kazi yangu tangu darasa la tano, kwa sababu ya mwandiko. Mama anataja, naandika, Bibi anapeleka parokiani. Majina sita. La kwanza siku zote ni Babu Venansi, baba yake Mama, aliyefariki Mama akiwa na mwaka mmoja. Halafu hesabu za kidato cha tatu. Sikuzimaliza.

Jumamosi, 2 Novemba
Misa ya Marehemu Wote. Yamesomwa majina yetu matano. Babu hakusomwa. Mwaka jana, walipoanza kusoma majina kwa sauti, pia hakusomwa, Mama akasema katekista kapitiwa tu. Leo alibaki kwenye benchi na mshumaa wake mpaka watu wakaisha. Nina hasira. Mtu ana baba mmoja, na hata jina lake wanaliruka.

Jumapili, 3 Novemba
Nimekwenda kwa katekista. Mimi, nisiyeweza hata kunyoosha mkono darasani. Sentensi yangu niliifanyia mazoezi njia nzima. Hakukasirika. Akanionyesha karatasi aliyoisoma.
Si mwandiko wangu. Ni wa Bibi, herufi kubwa kubwa zinazolalia kushoto. Majina matano.

Jumanne, 5 Novemba
Bibi alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza. Nilidhani atakana.
"Aliye hai haombewi pamoja na wafu," akasema. "Mungu simdanganyi."
Mungu hamdanganyi. Mama je?
Babu yuko Keko. Ni seremala. Na sisi tuko Tandika hapa, mtu anaweza kwenda kwa miguu. Alimwacha Bibi akaenda kwa mwanamke mwingine. Bibi akahama mtaa, akajiita mjane.
"Mjane anapewa kiti, mjukuu wangu. Aliyeachwa anapewa kicheko."
Hilo ningeweza kulisamehe. Lakini Babu alirudi kumtafuta mtoto. Bibi akamtuma kaka yake amwambie kwamba mtoto amekufa kwa surua. Surua! Miaka arobaini hakuna aliyekufa.
Anataka ninyamaze mpaka Krismasi ipite. Krismasi ngapi zimeshapita?

Jumatano, 6 Novemba
Nimemwambia Mama. Hakulia. Aliosha masufuria yaliyokuwa safi.

Alhamisi, 7 Novemba
Asubuhi Mama alimwamkia Bibi kama kawaida. Shikamoo, na goti akakunja. Nimeudhika mpaka chai imenishinda. Nikamuuliza anawezaje.
"Kumwamkia ni wajibu wangu," akasema. "Kumsamehe, sijui."
Bibi hatoki chumbani. Simwonei huruma. Labda kidogo. Hapana.

Jumamosi, 9 Novemba
Keko. Vitanda vimepangwa mpaka ukingoni mwa barabara. Tuliulizia mara mbili tu. Mzee mwembamba, penseli sikioni, anapiga randa.
Mama alimwamkia, akasema anaitwa Editha.
"Editha wa nani?"
Mama akataja jina la Bibi. Mzee aliilaza randa ubavu, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akakaa juu ya mbao. Fundi wa jirani alizima mashine yake.
Baadaye alitoa karatasi ndani ya kitabu chake cha sala. Orodha yake ya marehemu, imechakaa kwenye mikunjo. Akaniomba nimwandikie upya, macho yake hayaoni vizuri.
Yalikuwa majina manne. Nimeandika matatu.