Kulabu ya Tatu

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu,

Nakusalimu, ingawa najua salamu ya mtu aliyenyamaza miaka kumi na tisa ni nzito kuipokea. Hujambo? Macho yako uliyokuwa ukiyalalamikia tangu utotoni yanaendeleaje? Mimi nimetimiza sabini na sita. Pumzi imekuwa fupi, lakini bado natengeneza viatu huku ugenini, katika kibanda kilicho chini ya ngazi za jengo la ghorofa. Mkaza mjomba wako yu hai, ila miguu haimbebi tena.

Sikukuandikia kwa sababu niliamini uliua. Leo naandika kwa sababu siamini tena.

Mwezi uliopita alikuja mzee kudai viatu alivyoniachia kabla ya mvua. Nilikuwa nimeshaviuza. Nikamwambia uongo tunaousema mafundi wote, kwamba alikuja mtu akasema ametumwa. Alipoondoka nikabaki nikiitazama kulabu tupu ukutani, na nikaikumbuka nyingine. Jioni nikamwuliza mke wangu, naye anakunja nguo:

"Vile viatu vya kahawia vya mpwa wangu, kulabu ya tatu, nani alivichukua?"

"Niliviuza mimi. Kwa mwanamume mmoja, simjui. Si vilikuwa vimepitisha miezi mitatu bila kudaiwa? Nilikwambia siku ileile."

"Uliniambia saa ngapi?"

"Ulikuwa unakula. Ukasema 'mm'."

Wakati wa kesi yako yeye alikuwa ameshavuka mpaka na watoto, akikimbia vita. Nilipomfuata sikumsimulia lolote ila kwamba mpwa wetu ameua. Hakuwahi kujua kwamba kesi nzima ilisimama juu ya viatu.

Niambie kwa mkono wako mwenyewe: ulivichukua?

Mjomba wako


Tarehe 1 Machi

Mjomba,

Mimi ni mzima, kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima humu. Askari anayezisoma barua zako kabla yangu naye ni mzima, anakohoa kidogo tu. Macho yamezidi kuwa mabovu. Mpe pole mkaza mjomba.

Unaniuliza leo? Nililisema siku tatu mahakamani, nawe umekaa hatua nne kutoka kwangu, unatazama dirisha. Sikuvichukua. Mwanzo sikuwa na pesa ya kukulipa, kisha nikawa nakukwepa, maana ulishasikia kwamba nimefukuzwa kazi ghalani na sikuwa na hamu ya mahubiri yako.

Ndiyo, siku ile nilimwambia mwenye ghala kwamba atanikumbuka. Mtu akifukuzwa mbele ya wenzake husema chochote. Wiki tatu baadaye wakamkuta amepigwa nondo kichwani, gunia la unga limepasuka, na kwenye unga alama ya kisigino: misumari sita kwa mduara na mmoja katikati. Ulisimama ukawaambia kwa fahari kwamba mji mzima hakuna fundi mwingine anayepiga hivyo, na kwamba kwa soli ile na saizi ile ulimpigia mtu mmoja tu. Viatu havikuonekana kwangu, wakasema nimevitupa mtoni.

Wakili wangu akakuuliza, "Fundi, huwa unauza viatu vya wateja?"

Ukasema, "Mimi? Kamwe."

Watu wakatikisa vichwa kwa kukuheshimu. Neno lile moja ndilo lililonileta hapa. Nataka kujua kwa nini ulilisema.

Safu yetu ya seli tuko thelathini na mmoja, na wote ni malaika, hakuna aliyeua hata mbu. Nikisema yangu wananiambia, "Karibu kwenye kwaya." Jambo la kuchekesha ni kwamba tangu mwaka wa kumi na moja wananipeleka karakana. Natengeneza viatu. Umepata mrithi.

Mpwa wako


Tarehe 20 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako imenikuta na homa, lakini imeshuka. Natumaini hii itakukuta na nafuu ya macho.

Umeuliza kwa nini. Nusu ya waliojaa kwenye mabenchi siku ile walikuwa wateja wangu. Ningejibu "ndiyo", kila mmoja angerudi nyumbani kuhesabu viatu vyake. Sikudhani nasema uongo juu yako, nilidhani nasema uongo juu ya kibanda changu. Kuhusu wewe nilikuwa na hakika: kulabu ilikuwa tupu, basi umevichukua. Sikujiuliza zaidi ya hapo.

Nimezungumza kwa simu na wakili wako mpya, binti aliyepewa faili lako. Anasema maombi ya kufungua kesi upya yataangaliwa, lakini maandishi peke yake ni dhaifu. Jaji atataka kuniona na kunihoji. Nikivuka mpaka kurudi, hati yangu ya ukimbizi imekufa, sitaruhusiwa kuingia huku tena. Na aliyesema uongo chini ya kiapo ana kifungo chake. Mkaza mjomba wako naye ataapa, lakini hawezi kusafiri.

Nilimweleza yote. Akasema, "Nenda. Mama wa ghorofa ya juu atanifungulia mlango."

Nipe muda kidogo.

Mjomba wako


Tarehe 2 Juni

Mjomba,

Sijui kama u mzima, maana hujasema.

Wakili amekuja. Jaji atatusikiliza tarehe 14 Julai. Ameniuliza kama utakuja, nikamwambia fundi aliniomba muda. Akaandika.

Kama unaogopa, sema unaogopa. Mimi huogopa kila kufuli linapolia asubuhi. Ila usininyamazie tena. Afadhali ulivyosema uongo kuliko unavyonyamaza.

Mpwa wako


Tarehe 25 Juni

Mpwa wangu,

Nakusalimu kutoka karibu. Niko jengo la mahabusu, upande wa pili wa ukuta wenu. Wanasema ni hatua mia mbili, na barua hupita kwa mkuu wa gereza kwanza.

Nilishuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja polisi. Nikaeleza yote. Waliandika vizuri, wakanipa kiti, wakanishukuru, kisha wakanifungia. Sina lawama. Nitaletwa mbele ya jaji tarehe 14 kama ilivyopangwa.

Kifua kinabana kidogo, ni baridi ya sakafu. Kisigino cha kushoto kimelegea njiani, wakanivua viatu wakasema vinakwenda karakana. Nimecheka peke yangu hadi mwenzangu wa mkekani akasogea mbali.

Mjomba wako


Tarehe 29 Juni

Mjomba,

Pole na kifua. Waombe blanketi la pili. Mwambie askari mfupi kwamba mimi ndiye niliyekuombea, ananifahamu.

Viatu vimefika. Nilijua ni vyako kabla sijavigeuza, kwa jinsi ulivyofunga ncha ya uzi. Nimevipiga upya, sita kwa mduara na mmoja katikati. Vipo kulabu ya tatu. Sitampa mtu anayesema ametumwa.

Tarehe 14 tutakaa tena hatua nne. Safari hii nitazame mimi, achana na dirisha.

Mpwa wako


Tarehe 27 Septemba

Mjomba,

Askari msomaji ameniuliza barua hii iende wapi. Nimemwambia aisome tu.

Uliaga dunia tarehe 9 Julai, siku tano kabla ya jaji kutusikiliza. Mimi nilipewa habari tarehe 12. Jaji alisema maelezo yako hayawezi kuhojiwa, kwa kuwa aliyeyatoa hayupo, na ya mkaza mjomba ni ya mke anayemtetea mume. Maombi yametupwa. Wakili analia kuliko mimi, na sasa anaandika kuomba msamaha wa rais. Nimemtuma amwandikie mkaza mjomba kwamba ulifika na kwamba ulisema.

Karakana ina sheria yake: viatu visivyodaiwa kwa siku tisini vinauzwa. Leo ni ya tisini. Niliomba viachwe, msimamizi akasema mwenyewe haji. Amevinunua dereva wa lori la kuni. Vimemkaa sawasawa.

Nimemsimamisha mlangoni nikamwuliza jina lake. Nimeandika jina, siku, saa, rangi ya viatu na idadi ya misumari. Akanicheka: "Mzee, viatu vikuukuu hivi, karatasi ya nini?"

Karatasi ninayo mimi, mfukoni.

Mpwa wako