Vidonge vya Kumrudisha Mama

Jumatatu, 4 Mei

Sare tatu za shule, suruali moja ya kupunguza. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi. Mama kauliza tena kama Baba karudi kutoka shamba. Baba tulimzika, na yeye alikuwepo, alilia. Nimemfokea. Najichukia nikimfokea.

Jioni nimepita duka la dawa hapa Ifakara, nimenunua kopo la vidonge vya asidi amino. Muuzaji kaapa vinarudisha kumbukumbu. Mama kauliza, asidi, ile ya betri? Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 8 Mei

Vinafanya kazi! Leo kataja ndugu zake wote wa Mahenge, wa kwanza hadi kitinda mimba, bila kukosea. Kaka Festo kapiga simu kutoka Dar: mpeleke hospitali. Mtu anayepona anapelekwa hospitali kufanya nini? Kaka na ujuaji wake.

Mpunga wetu wa Mofu umeanza kuiva. Mama anataka kwenda kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Nimemruhusu. Peke yake.

Jumatano, 13 Mei

Nimefika Mofu mchana. Ndege wamejaa kwenye mpunga wetu, wanakula kwa raha zao. Dunguni, juu ya kichanja cha kulindia shamba, hakuna mtu. Nimekimbia nikimwita. Mto hauko mbali.

Nimemkuta kwenye shamba tuliloliuza nikiwa mtoto. Kapanda dungu la wenyewe, anapiga debe, anafukuza ndege wa watu. Sauti imemkauka. Mwenye shamba kasema Bibi Imelda yuko pale tangu alfajiri, hajaacha hata ndege mmoja atue. Kanishukuru, halafu akaona aibu kunishukuru. Nimelia mbele za watu.

Ijumaa, 15 Mei

Hospitali. Daktari kaligeuzageuza kopo. Kasema kwa upole: asidi amino mama anazipata kwenye samaki na maharage, na hizi za kopo hazitamrudishia anachopoteza. Ya zamani hukaa, ya jana ndiyo hutoka kwanza. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Nilinunua vile vidonge ili nisije kusikia haya.

Jumapili, 24 Mei

Tumesali kigangoni, kisha shamba. Kazi ya kushona nimeisimamisha mpaka tuvune. Tuko dunguni wawili. Kaupepo kidogo. Mama kaniuliza mimi binti wa nani. Nikamwambia, wa Imelda, wa hapa hapa Mofu. Akafikiri. Kasema huyo Imelda anamjua, mkali kweli, asije akanikuta nimekaa tu na ndege wanakula.

Nikasimama, nikapiga kelele.